Baada ya Kiharusi Tusimwite Mgonjwa Mvivu



Asubuhi moja, siku ya kliniki, alikuja mama mmoja akiwa ameongozana na mumewe, mzee wa miaka sitini na kitu. Mzee huyo alikuwa amepata kiharusi miezi minne kabla ya hapo, nasi tulimlaza wodini kwetu kwa majuma mawili. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Sasa mguu ulikuwa umerudi kiasi, akitembea kwa mkongojo. Mdomo ulikuwa umenyooka, naye aliongea vizuri na hata kutania. Lakini mkono wa kushoto ulining'inia ubavuni kama mkono wa koti.

Daktari alimwambia, "Mzee, nifinye vidole." Mzee akavifinya kwa nguvu mpaka daktari akatabasamu. Akamwambia, "Inua mkono." Mzee akauinua hadi usawa wa bega. Yule mama aliyaona yote mawili, na badala ya kufurahi akaanza kulia. "Sista," alituambia, "kumbe nguvu anazo! Miezi minne ninamvisha, ninamlisha, ninamwogesha kama mtoto. Shamba limeota majani. Kumbe mzee huyu ananitesa makusudi!" Akaongeza kwamba kijana wao mkubwa alikuwa amekwisha kusema: baba asipewe chakula mpaka aishike sahani kwa mkono ule.

Tulipoutazama mkono kwa karibu tuliona kovu jipya la moto kwenye vidole vitatu. Mama alieleza kwamba juma lililopita mzee aliketi jikoni, mkono ukagusa sufuria ya moto, naye hakuuondoa mpaka mjukuu alipopiga kelele. Hapo tukamwuliza yule mama swali moja tu: "Mama, mtu mvivu huuacha mkono wake uungue?"

Mama alinyamaza. Ndugu msomaji, swali hilo ndilo tunalotaka tulijibu pamoja mwezi huu. Kwa nini mgonjwa wa kiharusi aweza kuwa na nguvu mkononi, na bado mkono usifanye kazi? Jibu lake limeziokoa nyumba nyingi na ugomvi, na limewaokoa wagonjwa wengi na masimango wasiyostahili.

KIHARUSI HUUMIZA UBONGO

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba kiharusi ni ugonjwa wa mkono na mguu. Sivyo. Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu unaolisha sehemu ya ubongo huziba, au hupasuka na kuvuja damu. Sehemu ile ya ubongo ikikosa damu, huanza kufa katika muda wa dakika chache. Mkono wenyewe, yaani mifupa, misuli na ngozi, haukuguswa. Kilichoumia ni kile kinachoutuma.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, waliona kwamba kwa kila watu 100,000, wanaopata kiharusi kwa mwaka ni kama 109 huko Hai na kama 316 Dar es Salaam. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Yafaa pia tujue kwamba ubongo una nusu mbili, nazo hutawala mwili kwa kupishana. Nusu ya kulia huutawala upande wa kushoto wa mwili, na nusu ya kushoto huutawala upande wa kulia. Kwa watu walio wengi, nusu ya kushoto ndiyo pia yenye kazi kubwa ya lugha. Ndiyo maana mgonjwa aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupata shida ya kusema au ya kuelewa maneno.

MKONO HUFANYA KAZI KWA AKILI

Tunaposema akili katika ukurasa huu hatuna maana ya werevu wala ya wazimu. Tuna maana ya zile kazi ambazo ubongo hufanya kila dakika bila sisi kujua: kuzingatia jambo, kukumbuka, kupanga hatua, kuamua, na kutambua mwili wetu uko wapi.

Chukua mfano wa kunywa chai. Kwanza lazima ukione kikombe mezani. Pili ukumbuke kwamba ulitaka kunywa. Tatu ubongo upange: mkono upi utumike, ufunguke kiasi gani, ushike kwenye mkono wa kikombe au katikati. Nne misuli ipokee amri. Tano uendelee kuangalia, ili chai isimwagike mtu akikusemesha. Hatua moja ikikatika, kikombe hakifiki mdomoni. Nguvu ya misuli ni hatua moja tu kati ya hizo tano.

Mguu nao hutumwa na ubongo, lakini kutembea ni kazi ya kurudiarudia, hatua kwa hatua. Mkono hufanya kazi elfu, na kila moja ina njia yake: kufunga kifungo, kumenya ndizi, kuwasha kiberiti, kuhesabu fedha. Kwa sababu hiyo sehemu ya ubongo inayohusika na kiganja na vidole ni kubwa sana ukilinganisha na udogo wa viungo hivyo. Kwa sababu hiyo pia twaona wagonjwa wengi wanaotembea tena, na huku mkono umebaki nyuma.

Mwaka 2015 wataalamu wa huko Kanada walikusanya matokeo ya tafiti zilizokuwa zimefanywa juu ya jambo hili. Waliona kwamba kupona kwa mkono baada ya kiharusi kunaandamana na hali ya akili ya mgonjwa, na hasa uwezo wake wa kupanga na kutatua jambo. Hivyo basi, anayetaka kuusaidia mkono lazima aisaidie na akili.

MAMBO YANAYOFANANA NA UVIVU

Hebu sasa tuyataje yale tunayoyaona wodini na majumbani, ambayo jamaa huyaita uvivu, ukaidi au deko.

La kwanza ni kuusahau upande mmoja. Hutokea hasa kiharusi kinapoumiza nusu ya kulia ya ubongo, na upande unaosahauliwa ni wa kushoto. Macho ya mgonjwa ni mazima, lakini akili haiendi upande ule. Hula wali wa upande wa kulia wa sahani, akauacha wa kushoto, kisha akalalamika kwamba hakushiba. Hunyoa ndevu nusu ya uso. Hugonga mlango kwa bega la kushoto. Mkono wake wa kushoto huukalia, au huulalia, au huuacha ndani ya moto. Ukimwagiza auinue, huuinua. Usipomwagiza, kwake ni kama haupo. Huyo ndiye mzee wetu wa kovu la moto.

La pili ni kutojua kwamba anaumwa. Daktari mmoja wa Ufaransa, Joseph Babinski, alilieleza jambo hili mwaka 1914, alipoona wagonjwa waliopooza ambao walisisitiza kwamba hawana neno. Ukimwuliza mgonjwa wa namna hiyo kwa nini hafanyi mazoezi, atakujibu, "Mazoezi ya nini? Mkono wangu mzima." Hadanganyi. Sehemu ya ubongo ambayo ingempa habari imeumia. Hali hii mara nyingi hupungua katika majuma ya mwanzo.

La tatu ni kupotewa na namna ya kutenda. Hili huonekana zaidi nusu ya kushoto ya ubongo inapoumia. Mkono una nguvu, mgonjwa anataka, tena ameelewa, lakini njia ya tendo imepotea. Hushika kitana akakitia mdomoni kama mswaki. Hugeuza shati mara tatu asione pa kuingizia mkono.

Tuliwahi kumhudumia mama mmoja wa namna hiyo. Tulipomwambia, "Mama, fanya Ishara ya Msalaba," aliinua mkono, akagusa sikio, akagusa shavu, akaduwaa, machozi yakamtoka. Jioni padre alipoingia wodini na kuanza sala, mkono ule ule ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso, kifuani na mabegani. Binti yake akasema, "Kumbe anaweza akitaka!" Sivyo, ndugu msomaji. Tendo la mazoea hupita njia nyingine katika ubongo kuliko tendo la kuagizwa. Njia moja ilikatika, nyingine ilisalia.

Aliyeeleza shida hii kwa makini ni daktari Mjerumani, Hugo Liepmann, mwaka 1900. Alikuwa na mgonjwa mmoja, afisa wa serikali, aliyedhaniwa amepotewa na akili kabisa, kwa kuwa kila alichoagizwa alikikosea. Liepmann aliuzuia mkono wa kulia wa mgonjwa huyo, akamwagiza atumie wa kushoto. Mkono wa kushoto ukafanya sawasawa. Basi mtu yule alikuwa ameelewa siku zote. Shida ilikuwa katika njia ya kuutuma mkono wa kulia. Tujiulize: ni wangapi kati yetu wamemwita mgonjwa mjinga kabla ya kumpima namna hiyo?

La nne ni kushindwa kuzingatia na kukumbuka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hufundisha mambo sita, mgonjwa akifika nyumbani anakumbuka moja. Au anaanza zoezi vizuri, redio ikitangaza mpira mkono unasimama. Jamaa husema hana nia. Kumbe ubongo ulioumia hauwezi kubeba mambo mawili kwa pamoja kama zamani.

La tano ni mazoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Siku za mwanzo mkono mgonjwa hushindwa kila unapojaribu, na mkono mzima hufaulu. Mgonjwa hujifunza, bila kukusudia, kuuacha ule unaoshindwa. Baadaye ubongo ukipata nafuu, mkono ungeweza, lakini mazoea yamekwisha jengeka. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, alianza kuliona jambo hili kwa nyani waliokatwa mishipa ya hisi ya mkono mmoja. Hawakuutumia kamwe, mpaka mkono mzima ulipofungwa.

La sita ni huzuni. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi hupatwa na huzuni nzito ya muda mrefu. Huzuni hufunga akili, na akili iliyofungwa haiutumi mkono. Huku kwetu kuna aibu moja zaidi. Aliyepooza mkono wa kulia hulazimika kula na kusalimia kwa kushoto, jambo ambalo kwa mila zetu ni utovu wa adabu. Wengine hujificha wageni wanapokuja. Tuwapokee mkono huo wa kushoto kwa furaha, tena mbele ya watoto, ili nao wajifunze.

MKONO NAO HUISAIDIA AKILI

Hadi hapa tumeona akili ikiutuma mkono. Kuna habari njema: njia hiyo huenda na kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa saikolojia, Ian Robertson, aliona kwamba mgonjwa anayeusahau upande wa kushoto akiusogeza mwenyewe mkono wake wa kushoto, akiwa ameuweka upande huo huo wa kushoto, basi kwa muda huanza kuona na kukumbuka zaidi mambo ya upande ule. Mkono unapofanya kazi, akili huvutwa iufuate.

Habari ya pili yatoka Marekani. Kutokana na kazi ya Taub, watafiti waliwachukua wagonjwa 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa iliyopita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Karibu nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida. Wengine walivishwa kifuko katika mkono mzima kwa majuma mawili, karibu saa zote walizokuwa macho, huku mkono mgonjwa ukifundishwa kazi. Waliwekeana na wagonjwa makubaliano ya kazi zipi zitafanywa kwa mkono upi. Mwaka mmoja baadaye, waliofundishwa hivyo walikuwa wanautumia mkono mgonjwa vizuri kuliko wenzao.

Lakini tusikie vizuri. Wagonjwa hao walichaguliwa. Ilibidi waweze kuinua kiganja na vidole kidogo, na akili yao iwe imetulia kiasi cha kufuata mafundisho. Basi tusirudi nyumbani tukaufunga kwa kamba mkono mzima wa baba. Mtu mwenye mkongojo akifungwa mkono ataanguka. Njia hiyo ifanywe kwa ushauri wa mtaalamu.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Yafuatayo hayahitaji fedha. Yanahitaji saburi.

1. Mpime kabla ya kumlaumu. Mwekee maharage kumi yaliyotawanyika mezani, umwambie ayaokote yote kwa mkono mzima. Akiacha ya upande mmoja, huenda anausahau upande huo. Mpe kitana bila kusema neno, uone atafanya nini nacho. Mweleze mwuguzi au daktari uliyoyaona siku ya kliniki.

2. Agizo moja kwa wakati mmoja. Usiseme, "Inuka, vaa shati, uje ule." Sema, "Shika shati." Ngoja. Kisha, "Ingiza mkono huu." Mgonjwa mwenye shida ya lugha mwonyeshe kwa kitendo badala ya maneno mengi. Wala usipaze sauti, kwa maana hakupata uziwi.

3. Zima redio, punguza watu. Chagua saa ambayo mgonjwa hajachoka, na iwe saa ile ile kila siku. Dakika kumi au kumi na tano mara kadhaa kwa siku ni bora kuliko saa nzima ya kuchoshana.

4. Tumia kazi za kweli na vyombo vya kweli. Ubongo hushika kwa urahisi tendo lenye maana. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kukunja kanga, kufuta meza, kushika sahani kwa mkono mgonjwa huku mkono mzima ukila: hayo yote ni mazoezi. Kazi ya mikono miwili huualika mkono uliosahauliwa.

5. Mwongoze mkono kwa mkono. Kwa yule aliyepotewa na namna ya kutenda, weka mkono wako juu ya wake, mpeleke mswaki hadi mdomoni mara kadhaa, kisha punguza msaada kidogo kidogo. Kazi ile ile, mahali pale pale, kwa mpango ule ule.

6. Mwite upande uliosahauliwa. Keti upande huo unapoongea naye. Funga utepe mwekundu kwenye ukingo wa sinia au meza upande wa kushoto, umfundishe kuutafuta utepe kwanza kabla hajaanza kula. Mwulize mara kwa mara, "Mkono wako wa kushoto uko wapi?" Lakini maji ya kunywa na kengele ya kuitia watu viwe upande anaouona.

7. Saidia kumbukumbu. Weka kikopo na punje za mahindi. Kila zoezi likimalizika, mgonjwa aweke punje moja mwenyewe kwa mkono mgonjwa. Jioni mzihesabu pamoja. Anayejua kusoma aandikiwe mazoezi matatu ukutani, si kumi.

8. Mpe nafasi ya kujaribu. Unapomvisha na kumlisha kwa kila kitu kwa sababu una haraka, unaufundisha mkono kulala. Aanze yeye, umalizie wewe. Katika kuvaa, mkono mgonjwa huingia kwanza. Katika kuvua, hutoka mwisho.

Na kama mkono bado haujanyanyuka hata kidogo? Usikate tamaa, wala usiuache. Mwanajamaa ausogeze taratibu viungo vyote kila siku, na mgonjwa autazame unaposogezwa na kujaribu kuusindikiza kwa akili. Akiketi, uwekwe juu ya mto mezani, mbele ya macho yake. Nafuu kubwa huonekana zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini tumeona mikono ikiendelea kujifunza mambo mapya baada ya hapo, kwa mwendo wa polepole.

YAEPUKWE HAYA

Usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake limelegea, nawe waweza kulitegua na kumpa maumivu ya miezi mingi.

Usimwache peke yake karibu na moto, chai ya moto au kisu, ikiwa anausahau upande mmoja au mkono hauna hisi. Kila jioni ukague mkono huo kama umejeruhiwa.

Usimnyime chakula ili kumlazimisha. Usimcheke. Usimfanyie hesabu ya gharama zake mbele ya majirani. Aibu haijengi ubongo.

Usiseme juu yake kana kwamba hayupo. Wengi wasioweza kusema wanasikia na kuelewa. Wanaomtembelea kutoka jumuiya wamsalimie yeye kwanza, kisha jamaa zake.

Na tusimsahau anayeuguza. Mke au binti anayelala macho miezi minne naye huchoka mpaka hasira zikamtoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto wagawane siku, na majirani watoe saa moja moja, ili mama apate kwenda shambani au kulala.

TUZUIE KIHARUSI KINGINE

Aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari ya kupata kingine, na kila kimoja huongeza hasara ya akili. Dawa za shinikizo la damu zisikatishwe kwa sababu mgonjwa "anajisikia vizuri". Anayesahau dawa akumbushwe, wala asiulizwe tu kama amemeza. Chumvi ipunguzwe, sigara iachwe, pombe ipunguzwe au iachwe kabisa, na mwenye kisukari ahudhurie kliniki yake.

Ukiona ghafla uso wa mtu umepinda, mkono mmoja umelegea au kauli imekwama, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hali itapita baada ya dakika chache. Usimpe chakula, maji wala dawa kwa mdomo, maana aweza kupaliwa. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umwambie daktari.

NENO LA MWISHO

Tunapaswa kukiri kosa letu. Mzee yule alipotoka wodini, sisi wauguzi tulimfundisha mkewe kumgeuza, kumwogesha na kumnyoosha viungo. Hatukumwambia neno hata moja juu ya akili kuusahau upande wa kushoto. Laiti tungalimwambia, huenda vidole vile visingeungua, wala nyumba ile isingeingiwa na uchungu. Tangu siku ile hatumruhusu mgonjwa wa kiharusi aende nyumbani kabla hatujaketi na jamaa zake na maharage kumi mezani.

Mzee alirudi kliniki baada ya miezi mitatu mingine. Hakupona kabisa. Bado kuna siku anatoka nje mkono mmoja wa shati ukiwa mtupu. Lakini anashika sahani, na anapukuchua mahindi na mkewe kila jioni, utepe mwekundu ukiwa kwenye ukingo wa ungo. Kijana wao ndiye aliyeufunga utepe huo. Tulipomwuliza mama hali ya nyumbani, alisema, "Sista, sasa simgombezi. Namkumbusha tu."

Nasi twawaomba mfanye hivyo hivyo.